Kigelegele cha Mama Vero

Juzi dereva wa Madam Eugenia alipiga honi mbele ya geti letu hapa Sinza, akanikabidhi mfuko wa karatasi, akasema mama kasema asante, akageuza gari na kuondoka bila hata kuteremka. Ndani ya mfuko ilikuwemo khanga nyekundu ya mama yangu. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe, na ilikuwa inanukia. Harufu ilinifikia kabla sijaitoa mfukoni. Yalikuwa manukato ya Madam yale yale. Nayachukia toka meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka, na nyie mnaopenda kunihubiria habari za kusamehe, naomba mnivumilie mie niseme kwanza.

Nilikulia hapahapa Sinza, tulipopanga vyumba viwili uani kwa bibi mmoja mwenye gesti. Mliokulia huku mnaijua ile hali: baa kushoto, baa kulia, muziki unaanza jua likiwa bado kali, na watoto tunafanya hesabu za shule kwa mdundo wa nyimbo tulizokatazwa kuziimba. Baba alikuwa mchongaji pale Mwenge. Alikuja mjini kutoka Masasi na tezo lake na maneno machache, na jioni alirudi na vumbi la mpingo puani na kwenye nyusi. Mama aliuza maandazi asubuhi, na mchana uliobaki aliishi kwa ajili ya kwaya ya parokia, sauti ya pili.

Lakini mtaani hawakumjua kwa maandazi wala kwa kwaya. Walimjua kwa kigelegele. Kilianzia chini kooni, kikapanda, kikakaa huko juu muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshaanza kukohoa. Penye harusi au kipaimara watu walikuja kumwazima mama yangu kama wanavyoazima sufuria kubwa. Wala hakupigaga hovyo. Wenzangu mliosimama kwenye kwaya za watoto mnakumbuka: mtoto akiwekwa mbele kuimba peke yake, halafu ikaonekana midomo inamtetemeka na maneno yanataka kumpotea, kuna mama atainuka palepale katikati ya wimbo. Atapiga kigelegele, atakwenda mbele akicheza, atamfuta jasho kwa khanga, kisha atamvika mabegani. Ndiko kumtunza. Mtoto anapata pumzi, wimbo unaendelea, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mama alikuwa ameshawaokoa watoto wengi wa watu kwa namna hiyo.

Madam Eugenia alikuja parokiani nikiwa bado kwenye kwaya ya watoto. Alikuwa mtu wa bara, binti wa watu waliosoma, ametoka Ulaya kusomea piano, na piano yake ilikuja kwa meli ikawekwa kwenye ukumbi wa parokia kwa sababu mlango wa nyumba aliyopanga ulikuwa mdogo. Kila Jumamosi aliwafundisha bure watoto ambao padre alimchagulia, nami nikawa mmoja wao. Niseme ukweli, maana chuki yangu haina haja ya uongo: alikuwa mwalimu mzuri. Alikaa kwenye stuli pembeni yangu, akaniongoza vidole kimoja kimoja, na kila alipoinua mkono ile harufu yake ikatoka. Mie nilidhani ni piano inayonukia. Kwa muda mrefu niliamini kwamba piano za Ulaya zinatengenezwa kwa mti wenye manukato, hata nikamuuliza baba kama anaujua mti huo. Baba alifikiria sana, akasema labda msandali.

Nyumbani hatukuwa na piano wala kinanda cha aina yoyote. Siku moja Madam hayupo, baba alikwenda ukumbini akaipima piano yake kwa shubiri, akatafuta ubao wa mninga, akanichongea kinanda. Vibao vyeupe aliviacha na rangi ya mti, vile vyeusi akavipaka dawa ya viatu, kama walivyofanya baadhi ya wenzake wakitaka mti wa kawaida uonekane mpingo. Hakikutoa sauti. Nilikiweka mezani nikabonyeza, na mama, akiwa anakanda unga huku akinitupia jicho vidoleni, akaimba nilichobonyeza: do, mi, so, la. Nikikosea alinyamaza, nami nikajua nirudie. Palipokuwa pa kutulia kwenye wimbo alitulia na yeye, mwiko ameuinua juu, mpaka zamu ya noti inayofuata ilipofika ndipo akaushusha. Kwa hiyo piano yangu ya kwanza ilikuwa koo la mama yangu, na harufu yake ilikuwa hamira na moshi wa mkaa.

Ila ile dawa ya viatu ilining'ang'ania vidoleni. Jumamosi Madam alinishika mikono, akaigeuza, akaguna, akanituma bombani na sabuni ya unga nisugue mpaka ngozi iwashe. Mwanzo niliona ni usafi tu. Sikumweleza kwamba weusi ule ni kazi ya baba yangu, kwa sababu hakuniuliza.

Kisha Madam akaanzisha mashindano ya muziki, na yale ya kwanza yalikuwa kitu kidogo mno, mpaka wanafunzi wangu wa leo nikiwasimulia wanadhani natania. Viti vya plastiki vya kukodi, feni moja inayolia, majaji waliokaa kwenye meza ya katekista, na washiriki ambao tungeenea sote kwenye benchi moja. Zawadi ya mshindi ilikuwa kinanda cha umeme cha Madam mwenyewe, kimechoka, kibao kimoja kimekwama. Nilikitaka kile kinanda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilishapanga kitakaa wapi, na mama alishakishonea kitambaa cha kufunika ili vumbi la baba lisiingie. Nikilala niliota nabonyeza na sauti inatoka yenyewe, mama amekaa tu anasikiliza, amepumzika.

Siku ikafika. Mama alivaa doti yake nyekundu, moja kiunoni, moja mabegani juu ya blauzi isiyo na mikono. Msiniulize iliandikwa nini. Siku hiyo hakuna aliyeisoma. Baba alibaki Mwenge kwa kuwa kulikuwa na watalii. Zamu yangu ilipoitwa nilipanda, nikaanza kupiga, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu: watu wametulia. Wametulia kabisa. Hakuna aliyeitikia, hakuna aliyepiga makofi kufuata mdundo, hata mtoto mchanga aliyekuwa analia alikuwa ametolewa nje. Kwetu watu wakinyamaza hivyo ujue kuna mtu kafariki au kuna mtoto anasemwa. Nikaamini wamechukia. Nikaamini nimeshakosea vibaya mno kiasi kwamba hawana hata la kusema, na Madam pale mbele na kalamu yake anasubiri tu nimalize anitangaze. Nilipofika ile sehemu ya kutulia katikati ya wimbo nikainua mikono kama nilivyofundishwa, na badala ya kutazama vibao nikageuka kumtafuta mama. Najua nilikuwa na sura gani. Nimeshafundisha watoto wengi, naijua sura ile.

Mama akainuka. Alipiga kigelegele kile chake mpaka jaji mmoja akaangusha kalamu, akaja akicheza polepole kati ya viti, khanga ameishika kwa mikono miwili. Akanifuta paji la uso. Akanivika. Na nawaapia, ule woga ulinitoka kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Vidole vikawa vyangu tena. Nikageukia piano niendelee.

Madam Eugenia alikuwa ameshasimama na maiki mkononi.

"Mama, hapa si ngomani," akasema. "Wimbo haujaisha. Rudi ukakae, wenzio tunasikiliza."

Watu wakacheka. Mama yangu, aliyeujua wimbo ule noti kwa noti, aliyeuimba mpaka unga ukaumuka, anaambiwa haujaisha. Alisimama pale mbele ya watu mabega yakiwa wazi, kwa sababu khanga nilikuwa nayo mie. Akatabasamu lile tabasamu la mgeni aliyepewa kiti kibovu, akashuka. Halafu Madam akanong'onezana na wenzake, akatangaza kwamba mshiriki amesaidiwa akiwa jukwaani, kwa hiyo zamu yake imefutwa. Nikashushwa wimbo ukiwa nusu. Kinanda kilikwenda kwa mtoto wa watu wa Mikocheni, na miaka kadhaa baadaye nilikiona sebuleni kwao, kimetandikwa kitambaa, juu yake kumepangwa picha za harusi.

Tulipofika karibu na nyumbani mama akaniambia nimepiga vizuri. Baba aliporudi akauliza ilikuwaje. Mama akajibu kwamba watu walikuwa wengi, akamwekea chakula. Kile kitambaa cha kufunikia kinanda alikigeuza kuwa cha kufunikia beseni la maandazi, na kila asubuhi nilikiona.

Haikupita muda jirani yetu akamwoza binti yake, wakaja kumwazima mama kama kawaida. Akaenda, akakaa na wenzake. Bibi harusi alipotolewa ndani, wanawake wote walimgeukia mama wakisubiri yeye aanze. Mama akapiga makofi. Basi. Toka hapo hakupiga kigelegele tena, si kwenye harusi, si kipaimara cha mdogo wangu, si siku niliyomaliza chuo na joho langu. Watu wakasema koo limemharibika kwa moshi, naye hakuwakatalia. Mie peke yangu mtaa mzima nilijua ni nani aliyekichukua.

Mtaniuliza kwa nini basi nilirudi kwa Madam. Nilirudi kwa sababu piano ilikuwa kwake. Kila Jumamosi shikamoo Madam, marahaba Vero, kasugue mikono, kaa. Nikakaa. Nilichukua kila alichokuwa nacho, sikumwachia hata kimoja, na moyoni nikawa namwambia ipo siku. Nilikuwa mtoto wa ajabu kidogo, nakubali. Wenzangu walimwomba Mungu awape baiskeli. Mie nilimwomba Madam ajikwae mbele za watu. Ile harufu niliyoiamini kuwa ya piano, siku nilipotambua kuwa ni yake, nikawa nabana pumzi mpaka mwisho wa ukurasa. Mpaka leo watu wananisifu kwamba nikipiga natulia sana, sipumui hovyo. Hawajui nilikojifunzia.

Na mashindano yakakua. Yakatoka ukumbi wa parokia yakaenda ukumbi wa shule, yakatoka shuleni yakaenda kwenye hoteli kubwa upande wa baharini. Wakaja watoto wenye fidla kutoka Arusha na Moshi, wakaja Wakenya na Waganda, wakaja majaji Wazungu wanaoomba maji ya moto yenye limau. Viti vya plastiki vikavishwa nguo nyeupe, halafu vikatoweka kabisa. Kukawa na mshereheshaji mwenye tai, zulia, kamera, watu wa Mwanza wanaangalia kwenye simu. Niliruhusiwa kushiriki tena, nikashinda, nikashinda tena, na baadaye nikawa mwalimu mwenyewe, na wanafunzi kuanzia Manzese mpaka Tandika. Miaka yote hiyo mama alibaki nyumbani. Alinipigia pasi gauni, akanisindikiza mpaka getini, akaniambia nenda mwanangu, mie nina unga hapa.

Kilichokua kuliko hata mashindano ni hadithi. Kila mwaka Madam alifungua kwa hotuba, na kila mwaka alieleza tulikotoka: siku zile, mabibi na mabwana, kuna mama mmoja alipanda jukwaani katikati ya wimbo, anacheza na khanga yake! Ukumbi ulicheka. Mwaka uliofuata mama yule alikuwa na ungo. Mwaka mwingine alikuja na ngoma na mashoga zake. Kadiri ukumbi ulivyopanuka ndivyo mama yangu alivyonenepa katika hadithi ya Madam, na kicheko kikaongezeka, nami nimekaa safu ya mbele na gauni lililopigwa pasi na mama huyohuyo. Kisha mshereheshaji alisoma sheria: tafadhali tusishangilie mpaka mpigaji asimame na kuinama. Madam hakumtaja mama jina hata siku moja. Nadhani alishasahau ni mama wa nani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko vyote. Wakati mie nimeliweka jambo lile moyoni kama jiwe la figa, mwenzangu alikuwa halikumbuki ila kwa kuchekeshea wageni.

Mwaka huu kamati iliamua kumuaga Madam kwa heshima. Wakaniomba mie, mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote, nipige wimbo mmoja kwa ajili yake. Nikasema nitautunga mwenyewe. Walifurahi sana, wakanishukuru, mwingine akatokwa na machozi. Nawaambieni bila haya: niliutunga kama mtego. Nilianza na wimbo wa kubembelezea ambao mama aliutoa kwao Masasi, nikaujenga ukapanda, ukapanda, ukaangukia sauti moja kubwa ambayo mtu yeyote mwenye masikio angesema hapo ndipo mwisho. Baada yake nikaweka kimya. Kimya kirefu, mikono mapajani. Ndipo, kwa mtu anayeweza kusubiri, inakuja nusu ya pili. Na kwa kuwa wimbo ulikuwa wangu, hakuna chini ya jua aliyejua unaishia wapi. Utaratibu wa siku nilikuwa naujua pia. Nikimaliza, Madam mwenyewe ndiye atakayeniletea shada la maua jukwaani.

Nikamfuata mama. Nikamwambia wimbo ni wake, aje. Akakataa. Nikamwambia asipokuja sipigi, wamtafute mwingine. Aliendelea kuchagua mchele kwenye sinia kwa muda mrefu, halafu akauliza kama huko kuna viti vya nyuma. Nilitaka aone kwa macho yake yule mwanamke akirudishwa kitini. Nilitaka nikimaliza kupiga, mbele ya watu wote waliomcheka, kigelegele kile kitoke tena. Sikuwa natafuta kingine, si cheti, si kombe.

Alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, na doti ileile nyekundu, imepauka kidogo. Madam amezeeka sasa, nyonga zimemwishia, anatembea kwa mkongojo. Wala sikumhurumia. Alipewa maiki, akashukuru, akaeleza tulikotoka, akafika kwa yule mama na khanga yake. Safari hii mama alikuwa na vumbi miguuni na alimwaga soda ya jaji. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikageuka nyuma. Mama alikuwa anaisikia hadithi ile kwa mara ya kwanza, maana sikuwahi kuthubutu kumwambia. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameitoa khanga mabegani, anaikunja pembe kwa pembe juu ya mapaja.

Nikapanda, nikapiga. Nilipiga kuliko nilivyowahi kupiga. Nikafika kwenye ule mwisho wa uongo, sauti ikaanguka, nikaweka mikono mapajani. Kukawa kimya. Halafu nikasikia makofi ya kwanza yakitoka mbele kabisa, kwake, na ukumbi mzima ukamfuata. Madam aliuacha mkongojo kwenye kiti ili alishike shada kwa mikono miwili, akaanza kuja kwangu mguu kwa mguu, anatabasamu. Pembeni ya piano palikuwa na maiki niliyoitumia kuutambulisha wimbo. Nikaivuta.

"Mama, hapa si ngomani," nikasema. "Wimbo haujaisha. Rudi ukakae, wenzio tunasikiliza."

Makofi yakakatika. Wachache walicheka wakidhani ni utani wa mwalimu na mwanafunzi, halafu nao wakaacha. Madam alisimama kwenye ile nafasi tupu kati ya viti na jukwaa. Nilimwona anavyonitazama, kisha nikamwona anavyokumbuka. Aliinua macho akayazungusha ukumbini, anamtafuta mtu, nikajua sasa ameshajua ni mama wa nani. Alitaka kugeuka. Bila mkongojo nyonga zikamkatalia, akabaki pale na maua yake, na midomo ikaanza kumtetemeka. Nami, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilifurahi mpaka kwenye nyayo. Ningeweza kukaa na kimya kile mpaka kesho yake.

Kikatoka kigelegele.

Kilitoka kule nyuma karibu na mlango, kikaanzia chini kooni, kikapanda, kikakaa. Miaka yote ile na hakikuwa kimechakaa hata kidogo. Vichwa vyote viligeuka. Mama alikuwa anakuja juu ya lile zulia, anacheza polepole kwa magoti yake mabovu, khanga ameishika kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka palepale kwa sababu nilijua anakuja kwangu. Nilijisogeza kwenye stuli nimpe nafasi.

Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya Madam Eugenia, akamfuta paji la uso, akamvika khanga mabegani, akamshika kiwiko. Akamgeuza taratibu, akamrudisha mpaka kwenye kiti chake, naye akakaa kiti cha pembeni ambacho kilikuwa kimewekewa jina la mheshimiwa mmoja. Halafu mama akanitazama, akainua mkono juu kama alivyokuwa akiinua mwiko jikoni.

"Endelea, Vero," akasema. "Najua haujaisha."

Nikaendelea. Alipoushusha mkono ndipo nikabonyeza, na nusu ya pili nzima niliipiga nimemkazia macho yeye, sikutazama vibao. Wanaonikuta njiani wananiambia ilikuwa siku nzuri ajabu. Video imezunguka kwenye simu za watu, wanaandika kwamba wamelia, wanasifu jinsi tulivyopanga vizuri lile igizo. Igizo! Tulipofika nyumbani nilimuuliza mama kwa nini. Alikuwa anavua viatu, anajikanda vidole vya miguu. Akaniuliza kama sikuona midomo ya mwenzangu inavyotetemeka, akaenda kuloweka maharage.

Sasa khanga imerudi. Nimemwonyesha, ameinusa, amesema kumbe Madam ananukia vizuri, akajifunga palepale. Nimemwomba niifue kwanza, amekataa. Yuko jikoni anakanda unga, na manukato yale yamejaa nyumba nzima pamoja na hamira. Mie nimekaa hapa mezani na kinanda changu cha mninga, ile dawa ya viatu imeshabanduka kwenye vibao vingi. Mama amesamehe, ni haki yake, yeye ndiye aliyeambiwa akakae. Mie bado. Kigelegele kile nilikisubiri toka ukumbi wa parokia, na siku kilipotoka kilikwenda kwako, Madam Eugenia. Hicho nacho nakudai.